Chupa za Salma

Jumanne. Mvua imenyesha huku Mpendae tangu alfajiri. Imekata, lakini roho yangu bado haijatulia.

Niseme tu: namwonea wivu Salma.

Miaka tisa natengeneza dawa za mafuta na Bi Asha, dukani kwake. Salma ana miezi minne. Alikuja na ujuzi wake wa kuzichovya chupa za kioo kwenye plastiki ya majimaji, rangi ya kahawia, ambayo ikikauka inakuwa utando kwa nje. Mwanga haupiti, mafuta ya habasoda hayachachi upesi, na chupa ikianguka vipande havitawanyiki. Ni kazi nzuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa Bi Asha aliigeuzageuza moja mkononi, akasema, "Huyu ndo atakayeshika duka nkichoka." Mimi nilikuwa palepale, nachuja mafuta.

Kwetu chupa haitiwi dawa mpaka ifukizwe ubani, na anayefukiza ni mimi. Jana Salma alichovya chupa thelathini, akaniomba nisizifukize mpaka Alhamisi, utando ukauke kwanza, maana ukipata moto mapema unaharibika. Nikaitikia vizuri tu. Alipoondoka nikawasha chetezo, nikazifudikiza juu yake moja baada ya moja. Utando ukafanya malengelenge, ukajikunja.

Nilijiambia nawahisha kazi.

Uongo mtupu.

Leo asubuhi Bi Asha amezikuta. Amemsema Salma mbele ya wateja, kwamba ametia hasara, na kwamba kuanzia kesho akae kwao. Salma alinifuata jikoni nyuma ya duka na chupa moja mkononi, macho mekundu.

"Da Zuwena, hebu nsaidie. Wewe chupa wazijua kuliko mie. Nmekosea wapi?"

Miezi minne nimetamani mtu aniambie hivyo. Nikaipokea ile chupa, nikajifanya naichunguza, nikamwambia labda ni unyevu wa mvua hizi.

Akaniamini. Akanishukuru.

Tangu hapo sijala. Wivu wenyewe haujaondoka, nisidanganye. Hata sasa nikikumbuka alivyosifiwa Ijumaa, natamani ningekuwa mimi. Ila sasa naona haya pia.

Bi Asha hufungua duka saa mbili. Kesho nataka nifike kabla yake, nimwambie ni mimi.

Nshapata sababu tatu za kuchelewa.