Samaki wa Nestory Alikuwepo

Baba yetu, Nestory Malimi, mwaka mzima umezunguka tangu Jumapili ile ya tarehe 16 Machi 1997, ulipotuachia nyumba ya Nyakato ikiwa na spana zako kila kona na sisi tusijue pa kuzipeleka. Bado hatujui. Mama amezipanga chini ya kitanda kwa ukubwa, na haruhusu mtu kuazima hata moja.

Familia imenipa mimi, Evelina, kalamu. Kaka Ngosha anasema ni kwa sababu nimemaliza Kidato cha Nne na nina mwandiko. Mama anasema ni kwa sababu nyingine, nami nitaifikia.

Tunaikumbuka kwanza mikono yako. Miaka kumi na tisa ulihudumia mitambo ya kuchambulia pamba, na walipopunguza wafanyakazi mwaka 1993 ulirudi nyumbani na sanduku la vifaa na barua moja. Tulidhani utakaa sebuleni uzeeke mbele ya macho yetu. Ulikaa siku mbili. Ya tatu ulishuka mwaloni Kirumba, pale boti za wavuvi zinaposhusha samaki, ukakuta viwanda vya minofu ya sangara vinafunguliwa, kila mwenye uwezo ananunua mashine ya boti, na hakuna anayejua kuitengeneza ikikohoa.

Basi uani kwetu pakawa gereji. Ulifunga mashine kwenye pipa la maji, ukavuta kamba, na majirani wote wakajua kumekucha. Mimi ndiye niliyekushikia bisibisi. Kila mteja ulimpa somo lile lile, kwa upole ule ule, kama katekista: ukihisi kitu kimenasa nyuma ya boti, zima mashine kwanza, halafu ndipo uangalie. Ulikuwa umetengeneza gia nyingi mno zilizovunjwa na nyavu na kamba. Ulilisema somo hilo mpaka nikawa naliitikia kabla hujamaliza, na ukawa unaniambia niache dharau.

Halafu ukapata ugonjwa. Mwaka 1994 Mzee Ramniklal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alikuletea mashine ya boti yake ndogo. Mlipokwenda kuijaribu ziwani alibeba fimbo mbili za kuvulia, kila moja na rili ya kukunjia mshipi, nene kama sufuria ya uji. Akatupa nyuma ya boti samaki wawili wa plastiki wenye ndoana tumboni, akakuomba uendeshe polepole tu, usisimame, mshipi uwakokote wale samaki kama wanaogelea. Ulituambia baadaye kwamba ulimwonea huruma, ukadhani mzee wa watu amepungukiwa. Baada ya nusu saa fimbo ikapinda, akakukabidhi. Tangu siku hiyo hukupona.

Watu hawakukuelewa, Baba. Katika mji huu kila sangara ana safari yake: minofu inapanda ndege, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yanabaki kwetu. Ngosha anakata minofu kiwandani zamu nzima, akirudi nyumbani anamkuta baba yake na samaki mmoja, naye anasimuliwa samaki huyo mpaka ugali unapoa. Hukuwahi kumuuza hata mmoja. Kichwa kilikwenda kwa jirani yetu Mama Odeta na wajukuu wake, sehemu ya tumbo kwa Mzee Ramniklal kama hakwenda nawe, na kilichobaki tulikula sisi tukikulalamikia. Vijana wa mwaloni walisema fundi anawapeleka samaki wa plastiki matembezi. Ulijibu kwamba nao wanahitaji hewa.

Lakini hakuna aliyekutilia shaka kwenye kilo. Sangara wako wote ulipitia nao mwaloni, ukawatundika kwenye mizani mbele ya watu, na ulichosoma ndicho ulichosema. Mkubwa wako alikuwa na kilo sitini na mbili. Kijana mmoja alikushauri useme sitini na tano, ikae vizuri mdomoni. Ukamwuliza hizo tatu atazibeba yeye? Kwa miaka mitatu neno lako lilikuwa sawa na mizani ile. Naomba wasomaji walishike hilo, maana ndilo nililoliharibu.

Mwishoni mwa 1996 mgongo wa Mzee Ramniklal uligoma. Akakuachia boti uitumie, lakini mtu mmoja hawezi kushika fimbo na kuongoza mashine. Ngosha alisema siku yake ya mapumziko hataki kuona hata picha ya samaki. Nikabaki mimi. Nilikuomba wiki nzima, na wiki nzima ulikataa, na sababu yako kila mtu wa huku anaijua: mwanamke hapandi boti ya kuvulia. Wavuvi wanaamini akipanda, ziwa linafunga mkono. Wangejua umenipandisha, hakuna ambaye angekuruhusu tena uguse mashine yake, na mashine zao ndizo zilizotulisha.

Mwishowe ulikubali kwa masharti mawili. Nivae koti lako na kofia, na nifunge mdomo. La kwanza lilikuwa rahisi.

Mama alijua niko kwenye kozi ya taipu Mirongo. Tulitoka Jumamosi tatu, wewe ukitangulia, mimi nikifuata nyuma mpaka kwenye miamba ambako Mzee Ramniklal alifunga boti yake, mbali na mwalo. Sijawahi kukuona vile. Uani ulikuwa fundi na baba wa watu. Kule ulikaa kimya ukiangalia ncha ya fimbo, na mara moja ulipiga mluzi, nami sikujua kama unajua kupiga mluzi.

Jumamosi ya nne ilikuwa tarehe 18 Januari, saa nne asubuhi. Tulikuwa tumepita visiwa vidogo, maji yametulia, mashine inanguruma kwa sauti ya chini. Fimbo ya kulia ikapinda ghafla na rili ikalia kama mbuzi. Ukaikamata kwa mikono miwili. Nyuma yetu, kama hatua thelathini, maji yakafunguka na samaki akatoa kichwa chote na mabega, akakitikisa. Nilimwona, Baba. Mdomo wake ungemeza ndoo. Wale wa kilo hamsini nimewaona kwenye mizani. Huyu angewafanya waonekane wanawe.

Nami nikafanya kile nilichofundishwa tangu nina miaka kumi na minne. Kitu kimenasa nyuma ya boti. Nikazima mashine.

Boti ikasimama, mshipi ukalegea, samaki akatikisa kichwa mara moja tu na ndoana ikaruka. Samaki wa plastiki akaelea peke yake, tumbo juu. Mshipi ungebaki umekazwa kama boti ingeendelea kwenda. Nililielewa hilo palepale, kabla hujageuka, na nikasubiri maneno.

Ulikaa. Ulikunja mshipi wote taratibu, ukamtoa samaki wa plastiki majini, ukamfuta na shati. Halafu ukasema, "Umezima vizuri. Mimi ndiye niliyekufundisha."

Tulipokaribia miamba ukaongeza kwamba Mama asijue na watu wa mwaloni wasijue, na kwamba ukiulizwa utasema ulikuwa peke yako.

Ungenyamaza tu, Baba. Lakini furaha ilikuzidi. Jioni ile ile ulishuka mwaloni ukasema umekosa samaki wa kilo mia au zaidi. Wakauliza ulikuwa na nani. Ukasema peke yako. Wakauliza, basi nani aliongoza boti? Na wewe, mtu ambaye hukuwahi kuongeza hata kilo moja, ukakosa jibu. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Uongo wako mmoja, ulioutoa kwa ajili yangu, ukaugeuza ukweli wako wote kuwa hadithi ya mlevi.

Ningeweza kukuokoa usiku ule ule mezani. Ngosha aliuliza, kwa kukutania, samaki huyo alikuwa na ukubwa gani. Mama akanitazama kwa sababu mimi ndiye mchekeshaji wa nyumba. Niliogopa macho yake, nikaogopa kuulizwa habari za taipu, nikasema, "Baba, tuombe kwanza serikali ituchimbie ziwa jingine, hili halimtoshi."

Mama alicheka hadi machozi. Wewe pia ulicheka. Hukunitazama.

Baada ya hapo sikuweza kuacha. Nililitia chumvi lile jambo kila nilipopita, dukani, kisimani, kanisani baada ya misa. Nilisema samaki wa baba alivuka na feri ya Busisi kwa sababu maji yalikuwa madogo kwake. Nilisema ameandika barua. Kufikia Februari, Nyakato yote ilikuwa na msemo: mtu akiahidi kitu na kisionekane, wanasema hicho ni samaki wa Nestory. Kijana anayengoja posa, mwajiriwa anayengoja mshahara wake ufike, wote samaki wa Nestory. Msemo huo niliutengeneza mimi, kwa mdomo wangu, ili mtu yeyote asije akauliza nani alishika mashine.

Ukaacha kushuka mwaloni jioni. Ulisema ni magoti. Fimbo ulimrudishia Mzee Ramniklal zikiwa zimepakwa mafuta.

Nilikuwa nimepanga kukiri. Kweli kabisa, nilikuwa nimechagua na siku. Ijumaa ya tarehe 14 Machi ukaanguka uani kando ya pipa. Kiharusi kilichukua upande wa kulia na maneno yote. Hospitalini Jumamosi, Mama akiwa amekushika mkono, nilianza kusema, "Mama, yule samaki wa Baba..." na wewe ukatikisa kichwa. Polepole, mara mbili. Mama alidhani una maumivu, akaita muuguzi.

Nilikutii. Na niseme ukweli kama tulivyokubaliana na Mama: nilikutii kwa sababu ilikuwa rahisi.

Wewe uliwapenda watani wako, nao hawakukuangusha. Siku ya maziko Kashindye, mtani wako wa Tabora, aliingia katikati ya waombolezaji na mti wa muhogo akiushika kama fimbo ya kuvulia, kofia yako kichwani, akavutwa na samaki asiyeonekana kutoka mlangoni mpaka kaburini. Alikuwa hodari. Alilia kwamba samaki ni mkubwa kuliko marehemu. Alipofika ukingoni akaangalia ndani, akauliza kama amejificha humo. Watu walicheka, kama inavyotakiwa katika desturi zetu, na mimi nilicheka kuliko wote, halafu nikashindwa kuacha, wakanishika wakidhani ni uchungu.

Mtu mmoja hakucheka. Mzee Ramniklal alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na mgongo wake mbovu. Nilipomwamkia shikamoo alishika mkono wangu akasema kwamba Nestory alimpimia samaki miaka mitatu na hakuzidisha hata nusu kilo, kwa hiyo yeye anajua samaki yule alikuwepo. Alisema kama mtu anayemtetea ndugu aliyeshtakiwa. Nilisema asante, nikaenda kugawa chai.

Hivyo ndivyo nilivyoishi mwaka huu wote, Baba. Msemo bado unatembea. Mwezi uliopita nilisikia watoto wadogo, ambao hawakuwahi kukuona, wakiutumia kwenye mchezo wa gololi. Kwao Nestory ni jina la mtu mwongo.

Jumapili iliyopita tulipoketi kupanga maneno ya tangazo hili, Ngosha alipendekeza tuweke utani wa samaki, ili watu wacheke kidogo kwa kuwa ulipenda kicheko. Nikasema hapana. Nikawaambia yote: koti, kofia, taipu, Jumamosi nne, na mkono wangu kwenye swichi. Ngosha alitoka nje. Mama aliikunja na kuikunjua ncha ya kanga yake. Nilingoja kofi. Akaniuliza samaki alikuwa na ukubwa gani.

Nikamwonyesha. Sikuwa na mzaha wowote wa kuongeza.

Akasema, "Miezi miwili nilimcheka mume wangu mezani kwake." Halafu akasema niandike, na niandike kwa jina langu, mahali ambapo watu wa mwaloni watasoma.

Basi ndugu, jamaa, wateja wa fundi, wavuvi wa Kirumba na majirani zetu wa Nyakato: samaki yule alikuwepo. Nestory Malimi alimshika kwa haki tarehe 18 Januari 1997, akampoteza kwa sababu binti yake alizima mashine, na akakubali kuitwa mwongo ili binti huyo asionewe. Mwenye neno la mikosi ya wanawake botini alilete kwangu, nyumbani tunapajua sote. Wanaotumia jina lake kwa jambo lisilokuwepo, tunawaomba kwa heshima waache.

Baba, samahani. Nimechelewa, na wewe hukupenda mtu wa kuchelewa.

Unakumbukwa na mkeo Wilhelmina, ambaye sasa anawasimulia wageni habari za samaki huyo bila kuulizwa. Mwanao Ngosha, aliyerudi ndani jioni ile akaomba asimuliwe tena toka mwanzo. Jirani yako Mama Odeta na wajukuu. Rafiki yako Ramniklal na familia yake. Mtani wako Kashindye, aliyetuma salamu kwamba amesikia na amevua kofia. Na mimi binti yako Evelina, niliyekuwa nawe kwenye boti.

Hatutaacha kukukumbuka, Baba, siku zote tulizobakiziwa.