Nilimjibu: Byote

Ruashi, tarehe 9 Februari 2025

Kwako Yaya Hénoc,

Nisamehe, kaka yangu, leo salamu zitakuja nyuma. Nikianza na salamu nitajificha ndani yake mpaka karatasi iishe. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri katika kitubio: breki iliyokuvunja mguu niliiharibu mimi. Si Guelor.

Sasa nakusalimia. Mguu unaendeleaje? Tantine Laurentine anayekuuguza hajambo? Samaki wanapatikana huko Kasenga? Sisi hapa ni wazima, na Mama anakusalimia sana. Nakuandikia kwa sababu simu ya Mama inasikika nyumba nzima, na mimi mambo mazito siyawezi kwa mdomo. Barua ataileta Mama Léonie akija kununua samaki.

Unakumbuka mwezi wa kumi na mbili. Guelor, fundi wa parking yenu ya pikipiki za abiria, alikuwa amefungua breki ya mbele ya pikipiki yako, na wewe ukaleta nyumbani étrier, kile chuma kinachobana diski, ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa imeota kutu, ukasema wateja wanaicheka. "Weye njo wa chimie," uliniambia, kwa kuwa nasoma kemia. "Paka ile rangi nyekundu, kisha uichome muzuri." Nilifurahi mno. Nilichapisha maelezo ya Kifaransa, nikayapigia mistari kama somo la mtihani: sugua kutu, toa mipira yote, paka rangi mara tatu, kisha weka ndani ya four, lile jiko la umeme, digrii tisini, saa nzima.

Nilitoa kila kitu isipokuwa kimoja. Ndani kabisa, kuzunguka pistoni, kuna joint, mpira mwembamba unaozuia mafuta ya breki yasitoke. Pistoni ilinikatalia. Nilivuta mpaka vidole vikauma, nikaogopa kuikwaruza, nikajiambia kwamba digrii tisini haziwezi kuuchoma mpira ule. Labda ingekuwa kweli. Lakini baada ya dakika kumi courant ilikatika, four ikapoa, na rangi ilikuwa bado inanata. Wewe ungerudi saa kumi. Basi niliwasha mbabula uani, makaa yakawa mekundu, nikaweka étrier juu ya waya na kuifunika kwa sufuria. Sikuwa na kitu cha kupimia joto. Rangi ilikauka ikang'aa kama pipi. Nilisikia harufu ya mpira unaoungua, nikasema moyoni kwamba ni rangi.

Kesho yake Guelor aliniuliza mbele yako: "Plamedie, bijoint byote mulitosha mbele ya kuchoma?" Yaani, kama mipira yote niliitoa kabla ya kuchoma.

Nilimjibu: "Byote. Na nilirudisha mwenyewe."

"Byote?"

"Byote."

Breki ilishika wiki tatu. Kisha mafuta yakavuja, ukashuka mteremko na breki ya mbele haipo, ukajitupa ndani ya mfereji ili usiwagonge watoto wa shule. Na watu wa parking wakamfukuza Guelor.

Yaya, niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Plamedie


Kasenga, 23/2/2025

Mudogo wangu Plamedie,

Jambo sana. Miye niko muzima, mguu tu njo inakatala kunisikia. Tantine Laurentine ananilishaka samaki asubui, muchana na mangaribi. Nikirudia kule mutanikuta na miba. Banifundisha kushona nyavu. Bamama ya huku banacheka, banasema mikono yangu inajua guidon ya pikipiki tu. Unisalimie Mama. Weye unasoma? Usiache kusoma.

Barua yako niliisoma. Kiswahili yako iko ya ku kanisa, niliona sawa vile niko mu misa.

Ile mambo ya breki, wacha. Usiambie muntu, hata Mama. Guelor iko fundi, hatakosa kazi.

Yaya yako,
Hénoc


Ruashi, tarehe 9 Machi 2025

Kwako Yaya Hénoc,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mama Léonie anasema sasa unatembea kwa fimbo moja. Mama alipiga vigelegele peke yake jikoni.

Uliandika kwamba Guelor hatakosa kazi. Ni kweli, anayo. Anasukuma mkokoteni wa pousse-pousse sokoni na kubeba magunia ya unga. Kila asubuhi nikienda shule, yeye ndiye ananisalimia kwanza, kutoka upande wa pili wa barabara: "Mwanafunzi! Mguu ya Hénoc inaendelea?" Nami najibu kwamba inaendelea.

Jumapili iliyopita alikuja nyumbani na shati lake la misa, amebeba kuku mweusi kwapani. Alipiga magoti mbele ya Mama. "Mama," alisema, "njo miye nilivunja mutoto yako. Pengine vis moja sikukaza. Nawaza kila siku, sikumbuke. Hii mikono, sijue tena kama inafanyaka kazi ama inanidanganya." Mama alilia. Alimwinua, akapokea kuku, akamwambia yameisha.

Mimi nilikuwa mlangoni na daftari la chimie. Nilirudi ndani.

Mchana tulimla yule kuku. Mama aliniwekea paja, akasema, "Kula, unakonda na hizi mitihani." Nilikula, Yaya. Nilimaliza hata mfupa.

Mtu ambaye mikono yake haikukosea kitu sasa anaiogopa mikono yake mwenyewe. Tafadhali niruhusu nimwambie.

Mdogo wako,
Plamedie


Kasenga, 23/3/2025

Plamedie,

Jambo. Niko muzima. Leo sina ya kuchekesha.

Ile siku, kisha kusema "byote", uliingia mu nyumba. Haukusikia yenye ilifuata. Guelor alitaka kufungua étrier aone na macho yake. Miye nilikuwa na wateja banangoja. Nilimwambia: "Funga tu! Mudogo wangu njo wa kwanza mu kilasi, weye uliachia masomo mu primaire." Batu bote bakacheka. Guelor pia akacheka, akafunga.

Kisha, ku hôpital, président ya parking aliniuliza: "Nani alifunga breki?" Nikajibu: "Guelor." Haikukuwa bongo, kweli yeye njo alifunga. Njo maana niliisema mbio. Weye uko na neno moja yenye inakulemea, miye pia niko na yangu.

Sasa ile mambo ya kuku ilinifikia mpaka huku. Tantine anauliza juu ya nini sikule.

Ungoje Pâques. Nitafika, tutasema sisi wawili. Naomba, usiende peke yako. Naogopa.

Yaya yako,
Hénoc


Ruashi, tarehe 9 Aprili 2025

Kwako Yaya Hénoc,

Salamu. Sisi sote tuna afya, nami natumaini mguu wako umepata nguvu. Barua yako niliisoma mara nne. Nisamehe, sikungoja Pasaka. Zilibaki wiki mbili, na Guelor alikuwa bado ananisalimia kila asubuhi.

Jumamosi nilifungua étrier kwenye pikipiki yako nyuma ya nyumba, kwa clé, ile spana ya kumi na mbili, nikaitia ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimkuta Guelor sokoni, nikamwomba anifuate mpaka parking. Alikataa. "Kule? Baongeze kunitukana?" Nikamwambia: "Fungua kitu kimoja tu. Kama joint ni nzima, kosa ni lako. Kama imeungua, ni langu." Akashusha gunia, akanifuata.

Motards, wale waendesha pikipiki, walikuwa kama kumi. Mmoja alipiga kelele, "Eh, mademoiselle analeta mufungwa wake!" Wakacheka. Kwa kuwa naujua mdomo wangu, nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi ya daftari. Nilisoma mpaka mwisho: pistoni, courant, mbabula, harufu, na lile neno langu.

Guelor alisukuma pistoni kwa pompe ya matairi. Ilitoka. Akaingiza kucha ndani, na joint ikavunjika vipande vipande kama ngozi ya samaki mkavu. Aliviweka kwenye kiganja, akawaonyesha mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka.

Président akamuuliza, "Na weye fundi, juu ya nini haukufungua mbele ya kufunga?"

Niliangalia chini. Guelor alijibu tu, "Nilikuwa mbio." Hakutaja jina lako. Hilo nami sikulisema, nimekuachia wewe.

Kisha akanigeukia. "Ile kuku yangu, mulikula?"

"Tulikula."

"Na weye?"

"Na mimi."

Alifuta mikono kwenye suruali, akarudi kwenye magunia yake.

Jumapili baada ya misa nilimwambia Mama. Hakunipiga wala hakunitukana. Alikwenda uani, akamkamata jogoo wetu mkubwa, akamfunga miguu, akaniwekea mikononi. "Peleka," alisema. Nilipita naye barabara kubwa, analia njia nzima, watu wakitazama. Guelor alimpokea mlangoni kwake. Nilimwomba msamaha, safari hii bila karatasi. Akafunga mlango.

Jumatatu nilimwona amerudi kazini parking. Sanduku lake la vyuma lilikuwa wazi, naye ameinama kwenye gurudumu la mtu. Hakunisalimia. Basi nilimsalimia mimi, kutoka upande wa pili wa barabara. Hakuitikia. Jana nilimsalimia tena.

Leo asubuhi alikuwa ameinua étrier ya pikipiki nyingine, anaichungulia ndani kwenye mwanga wa jua. Nilisema, "Jambo, fundi." Hakugeuka. Aliishusha, akaifunga, akakaza vis zote mbili, zile skrubu, mara moja tu, bila kurudi kuzihakiki. Kisha nilikwenda shule.

Mdogo wako,
Plamedie