Kipande cha Malimi

Igogo, Mwanza
14 Agosti 1994

Mpendwa Mjomba Josephat,

Shikamoo. Goti limepona? Mama analiulizia kila tukikaa kula. Sisi ni wazima, ila magugu yameziba ufuko wa ziwa na harufu yake inatufuata mpaka jikoni.

Najua umechukia kusikia nimeacha chuo. Wewe ndiye uliyewatangazia watu wa Songea kwamba mpwa wako anachunguza saratani. Ngoja nikueleze.

Miaka yote hii nachunguza uvimbe wa taya unaoua watoto wa huku ziwani. Vipande vinavyokatwa hupanda ndege kwenda Ulaya kama minofu ya sangara, sisi tunabaki na mapanki, ile mifupa ya samaki, na makaburi. Profesa wetu anaandika makala, anaalikwa mikutanoni, na wodini dawa hakuna. Nilishaanza kuona kinyaa hata kuvaa lile koti jeupe.

Mwezi wa sita akaja Modesta, mama mmoja kutoka Magu, ambaye mwanawe Malimi alifia wodini kwetu. Yeye alidhani kile kipande cha taya tulichomkata mtoto tulikiazima tu. Baba mkwe wake amekataa matanga yaishe, kwa kuwa mtoto kazikwa pungufu.

"Daktari, nipe mwanangu aliyebaki," akaniambia.

Profesa akacheka! Eti kipande bado kina makala moja ndani yake.

Nilikitoa kabatini mwenyewe, kidogo kama kunde ndani ya nta ya kukihifadhia, nikakipeleka Magu. Tukakifukia kaburini kwa Malimi, watu wakanyoa nywele, matanga yakaisha. Profesa akasema nimeiba mali ya chuo. Nikamwachia koti lake.

Sasa naenda Nairobi, kwenye kampuni inayotafuta dawa za saratani. Usidhani nimekimbilia kwa malaika. Siku ya usaili bwana mmoja mwenye tai aliniuliza watoto wa ziwani watainunua hiyo dawa kwa pesa gani. Siku hizi kila kitu soko. Alinichefua, lakini angalau kwake neno dawa linatajwa.

Modesta aliponisindikiza barabarani aliniuliza kile kipande kilituambia nini muda wote tuliokaa nacho. Naenda kulitafuta jibu lake.

Nisalimie Mama Wilhelmina na Obedi. Mungu awalinde, nawe niombee, Mjomba, nisije siku moja nikacheka kama Profesa.

Mpwa wako anayekupenda sana,
Odeta