Mawese kwenye Mkanda wa Usukani

Jumapili, 7 Septemba 2025

Mgeni rasmi, kiti cha marehemu mume wangu Gervasi, Mheshimiwa Redio, nawe paka wa jirani uliyeingia bila mwaliko — itifaki imezingatiwa. Miaka thelathini na minne nimehutubia mikutano ya wazazi, na hadhira iliyosalia ndiyo hii.

Gari limeanza kupiga kelele kila nikikata kona. Kama nguruwe anayechinjwa! Wanawake wanne wa jumuiya ninaowapeleka Misa ya kwanza waliziba masikio. Marcelina, mwenyekiti wao, akasema sasa Katubuka nzima inajua tunakwenda kutubu. Tulicheka sana. Kisha nikamshusha kila mmoja kwake, nikarudi peke yangu. Tangu msiba uishe hakuna aliyevuka geti langu. Wote hunisubiri nje.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefungua boneti. Mlio unatoka kwenye mkanda wa mpira ubavuni mwa injini. Nikaufananisha na bawaba ya mlango. Nikaupaka mawese, vijiko viwili. Kimya! Nikajipongeza kwa sauti.

Jumatano, 10 Septemba

Kimya, naam, lakini usukani umekuwa mzito kama jiwe la kusagia. Tulikuwa njiani kwenda Bangwe kumjulia hali mgonjwa. Kwenye kona nilivuta kwa mikono miwili — haukuzunguka. Gurudumu la mbele likaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia. Skolastika, mmoja wa wale wanne, alishuka, akakung'uta kitenge, akasema kwa upole kwamba wao watachukua bajaji. Wakaenda. Hakuna aliyegeuka kuniuliza nitafikaje nyumbani.

Ijumaa, 12 Septemba

Gari lilitolewa mtaroni na vijana wapita njia; leo amekuja Kasongo, fundi wa Kibirizi. Aliinama, akanusa.

"Mama Mwalimu! Umekaanga belti kama samaki migebuka? Ilibaki kukatia kitunguu tu!"

Nilistahili. Akanieleza, nami nikasikiliza kama mwanafunzi: injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha pampu, pampu inasukuma oili inayousaidia mkono wangu kugeuza magurudumu. Mkanda hufanya kazi kwa kushika. Wangu ulikuwa umezeeka na kulegea, ukawa unateleza. Ndiyo maana ulilia. Mimi nikaupaka mafuta uteleze zaidi!

Nikamwomba spana. Akacheka, akanipa. Nililegeza bolti ya pampu, nikaisukuma pampu ndani, mkanda ukatoka — umejaa nyufa, unanuka jikoni. Tulisafisha puli, vile vigurudumu vinavyopitiwa na mkanda, kwa petroli hadi zikakauka. Nikavisha mkanda mpya, nikavuta pampu nje, nikakaza. Kasongo akaubonyeza katikati kwa kidole gumba: ubonyee kidogo tu, usilegee, usiwe kama uzi wa zeze.

Usukani ulizunguka kwa kidole kimoja.

"Haya, shoga zako watarudi," akasema, akakusanya vyombo vyake.

Kwangu, au kwa gari? Sikumuuliza. Angejibu nini?

Jumamosi, 13 Septemba

Nimempigia Marcelina, nikamwambia gari limepona. Amefurahi. Watakuja. Hakuuliza jambo jingine. Mazungumzo: sekunde arobaini.

Jumapili, 14 Septemba, saa kumi na mbili asubuhi

Wamefika, wanne, sare za jumuiya. "Mwalimu, tuko tayari!" Funguo za gari ninazo mkononi. Sikutoka. Nimefungua dirisha, nikatangaza kwa sauti ile ile ya mikutano:

"Akina mama, gari ni zima na litaondoka. Lakini leo tutasali Misa ya pili. Geti nimelifungua komeo. Ingieni kwanza, mketi nami, chai imeiva. Anayeona hawezi kuingia, bajaji ziko barabarani."

Nimekaa kuandika ili nisiwatazame.

Ninawatazama. Skolastika anaangalia saa. Mmoja anamnong'oneza mwenzake. Marcelina ameweka kiganja juu ya geti — hajalisukuma —