Homa Ikipita Siku Tatu

Wanangu,

Nimempeleka baba yenu hospitali kwa teksi. Uji uko kwenye chupa. ~~Mwageni dawa ya majani iliyobaki.~~ Msiimwage, daktari anaweza kutaka kuiona.

Asubuhi bibi yenu aliniuliza, "Hii homa ni siku ya ngapi, mwanangu?" Nikasema ya sita. Akaweka kikombe chini. "Si nilikuambia tatu? Ikipita tatu, si ya majani tena."

Kweli alisema. Mkono wangu bado mzito kuandika. Aliponieleza dawa hii, kwenye daftari la masomo ya jioni niliandika majani na maji tu, sharti la siku tatu nikaliacha. Nikafuata daftari, nikaomba. Leo baba yenu hakunitambua.

Bibi amejifungia chumbani, anajilaumu. Mgongeeni, msali naye. Mwambieni yeye alisema, mimi ndiye ambaye sikuandika.

Mama yenu