Wazee Walioitikia Shikamoo

Jumanne, 14 Mei. Asubuhi manyunyu na baridi, Nyamwaga yote tope.

Nimeamka na hofu. Jana daktari anayesimamia utafiti wetu alipiga simu. Kazi yangu ni kuwavisha wazee kofia yenye nyaya, wasikilize maneno, na kompyuta irekodi ubongo unavyoyapokea. Kituo cha pili, cha Morotonga, kinatumia mashine ileile na maneno yaleyale. Vipimo vya vituo viwili vikifanana, ndipo vinaaminika. Vyetu vimepishana mno na vyao kwenye neno moja. Tusipoeleza sababu, rekodi zote za wazee wangu zitatupwa.

Neno lenyewe ni shikamoo.

Nilijua palepale. Masharti ni kukaa kimya, hata taya isitikisike, maana misuli ikisogea huvuruga rekodi. Bibi Wankuru, aliyekuwa wa kwanza, aliposikia shikamoo aliitikia "Marahaba, mwanangu," akageuka kutazama nani kaingia. Nilipomkumbusha masharti, alinikazia macho.

"Mtoto ananiamkia, nimnyamazie? Gati, wewe umelelewa wapi?"

Waliomfuata nao waliitikia. Kwenye daftari, kila mstari, nimeandika: alitulia.

Hakutulia hata mmoja.

Niliona aibu kuandika kwamba mama mzima amekosea kwa sababu ana adabu. Na niliogopa kuonekana siwezi kazi. Yote mawili ni kweli, na sijui lipi lilikuwa zito zaidi.

Saa tatu nilimpigia Nyamburi, mwenzangu wa Morotonga. Nikamuuliza kama watu wake huitikia.

"Waitikie nini? Kwangu ni vijana watupu. Nani awaamkie wale?"

Basi mashine ni nzima. Kasoro ni mimi.

Mchana nilimweleza daktari kila kitu. Akauliza kwa nini sikuandika. Nikasema niliwaonea haya. Hakunigombeza. Amesema ataondoa neno hilo tu, mengine ya wazee yatabaki, mradi nisahihishe kila mstari na kutia sahihi. Kuhusu mkataba wangu, atanijulisha Ijumaa.

Nimesahihisha yote. Kwa Bibi Wankuru nimeandika: aliitikia, akageuka kumtafuta aliyemwamkia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Nimeongeza Jumatano asubuhi: usingizi ulinipata saa saba na robo usiku, nikiiwaza Ijumaa.