Mkono wa Mfukoni
Kihesa, Iringa. Jumanne usiku, Juni 1957

Amelala, Salehe wangu, nami kila mara nasogeza sikio nisikie anavyopumua.

Jioni alikuwa akitengeneza redio ya mwenye duka, inayonguruma tu. Waya alikwisha kuuchomoa ukutani, lakini ndani kuna kikopo kinachobaki na umeme. Ndiyo maana hutumia mkono mmoja, mwingine mfukoni, umeme usipite kifuani. Jinsi anavyopendeza akisimama hivyo!

Nikampelekea chai, nikapiga magoti kama nilivyofunzwa. Naye, kwa adabu zake, hapokei kitu kwa mkono mmoja. Akautoa wa mfukoni upesi, ukagonga chuma cha redio, na ule mwingine ulikuwa bado ndani ya redio.

Akarushwa hadi ukutani.

"Salehe!"

"Nipo, mke wangu. Chai tu ndiyo imemwagika."

"Si ungeniambia niiweke mezani?"

"Nikuache umepiga magoti bure?"

Alicheka, lakini redio hakuigusa tena. Mume wangu, mwezi hata haujaisha tangu arusi...

Kesho ataendelea na redio ileile. Chai nitaiweka mezani nikiwa nimesimama wima, na mama yake aseme atakalo.